Lever Alikwisha Kuja

Mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi mhandisi, alirudi kutoka Uingereza na kitabu cha picha za Port Sunlight. Huo ni mji uliojengwa na William Lever karibu na Liverpool, kuanzia mwaka 1888, kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda chake cha sabuni. "Mwalimu," akaniambia, "Afrika ingempata tajiri mmoja tu wa namna hii, tungekuwa mbali."

Nilikitazama kitabu kile kwa haki. Mji ni mzuri, sikatai. Wasanifu wapatao 30 walishiriki kuuchora, ndiyo maana safu moja ya nyumba haifanani na nyingine. Kuna shule, kumbi, na jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 1922 kwa kumbukumbu ya mke wa Lever. Nyakati hizo wafanyakazi wengi wa viwandani walibanana katika vichochoro vya moshi.

Lakini zilikuwa nyumba za kazi. Lever hakupenda kugawa faida mkononi. Aliona ni heri aigawe kwa nyumba na bustani. Aliyepoteza kazi akapoteza na paa. Mimi nimekaa nyumba ya kazi miaka 23. Nilipostaafu nilipewa siku 30 za kuhama, na mwembe nilioupanda mwenyewe nikauacha na maembe mabichi. Asinieleze mtu kwamba nyumba ya namna hiyo ni zawadi.

Hilo tuliache, maana liko kubwa zaidi. Kijana yule anaiombea Afrika mtu ambaye alikwisha kuja! Sabuni haitengenezwi kwa bustani, inataka mafuta. Mwaka 1911 Lever alitiliana mkataba na serikali ya Ubelgiji, akaruhusiwa kujichagulia hadi hekta 750,000 za michikichi katika Kongo. Pale Lusanga akaweka kituo, akakiita Leverville. Mkataba ulitaja shule na hospitali, naam. Ila kazi yenyewe ilikuwa kukwea michikichi mirefu, na watu wa vijijini hawakuikimbilia. Basi maofisa wa serikali wakasaidia "kutafuta" wafanyakazi, na kutafuta kwao kulikuwa kulazimisha. Kodi ya kichwa ikawabana waliobaki.

Lever alifariki mwaka 1925. Kampuni ikaendelea vilevile. Mwaka 1931 bei ya mazao ya mchikichi ilipoanguka, ujira ukashushwa, kodi ikadaiwa palepale. Wapende wakaasi. Wanajeshi wakaua mamia yao.

Nilimsimulia kijana haya yote, kisha nikamwuliza: katika kitabu chako, Leverville iko ukurasa wa ngapi? Akakipekua taratibu mpaka jalada la mwisho. Bustani, jumba la sanaa, bustani tena.