Somo la Uendeshaji Lianzie Kwenye Chanja la Kahawa

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, vijana wanaosomea biashara na utawala katika vyuo vikuu nchini hukutana na somo la usimamizi wa uendeshaji. Ni elimu ya kupanga kazi inayogeuza malighafi, muda na nguvu za watu kuwa bidhaa au huduma: kiasi gani kizalishwe, kwa mwendo gani, kwa ubora gani, ghalani kuwe na akiba ya kiasi gani, na nani amsubiri nani. Ni vigumu kutaja somo ambalo nchi ya wakulima na wafanyakazi inalihitaji zaidi ya hilo. Hata hivyo, mara nyingi kijana hujulishwa somo hilo kwa mfano wa kiwanda cha magari ambacho hajapata kukiona, na kwa vitabu vilivyoandikwa Marekani na Uingereza kwa ajili ya vijana wa huko. Siku ya kwanza tu amekwisha kuaminishwa kwamba uendeshaji ni jambo la watu wengine, na kwamba kazi ya baba na mama yake haina cha kuchunguzwa.

Hiyo ni kasumba, na yapasa ing'olewe siku ile ile inapopandwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeamua kujenga kampasi mkoani Kagera chini ya mradi wa HEET ulioanza mwaka 2021. Ikiwa kampasi hiyo itakuwa tafsiri ya vitabu vya ng'ambo iliyohamishiwa kando ya Ziwa Viktoria, wananchi wa Bukoba na Muleba watakuwa wamepata majengo tu. Ikiwa itawafundisha vijana kuitazama kazi ya wananchi hao kwa jicho la kitaalamu, watakuwa wamepata chuo.

Na itazamwe kahawa, zao lililoujenga mkoa huo. Mkulima wa Kamachumu au Nshamba huvuna robusta kwa mkono, huianika kwenye chanja, mkeka au turubai kwa majuma kadhaa, kisha huipeleka kwenye chama chake cha msingi ikiwa bado na maganda. Pale hupimwa unyevu na uzito, huandikiwa stakabadhi, nayo kahawa husubiri gari. Gari huipeleka kwenye kiwanda cha kukoboa, ambako karibu nusu ya uzito wake huondoka kama maganda. Hupangwa madaraja, hutiwa magunia na kuuzwa. Sehemu ndogo huishia katika kiwanda cha TANICA pale Bukoba, kilichojengwa miaka ya 1960, na kuwa kahawa ya unga ya kunywewa papo hapo. Sehemu kubwa husafirishwa kwenda nchi za nje. Katika safari hiyo moja yamo karibu yote yanayofundishwa katika mihula miwili ya somo hili: uwezo wa mtambo, foleni, udhibiti wa ubora, akiba, usafirishaji na ratiba.

Wala hesabu zake si ngumu. Mwaka 1961 msomi wa Marekani, John Little, alitoa uthibitisho wa kanuni ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuielewa: idadi ya vitu vilivyomo mahali fulani, kwa wastani, ni sawa na idadi inayoingia kwa siku ikizidishwa kwa siku ambazo kila kimoja hukaa pale. Tuseme chama cha msingi hupokea magunia 40 kwa siku, na kila gunia hukaa siku 15 kabla ya kuchukuliwa. Ghalani patakuwa na magunia 600. Kama ghala hubeba 400, magunia 200 yatalala nje, na Bukoba si mahali pa kulaza kahawa nje, kwa kuwa ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa nchini.

Kiongozi asiyejua kanuni hiyo ataitisha mkutano, achangishe fedha na kujenga ghala jingine. Mwenye kuijua atauliza kwanza: kwa nini gunia hukaa siku 15? Pengine gari lipo, lakini karatasi ya kuliruhusu haijatiwa sahihi. Pengine kiwanda hupokea mizigo siku tatu tu kwa juma. Siku 15 zikipunguzwa zikawa 10, magunia yatakuwa 400, na ghala lile lile litatosha pasipo kuongezwa tofali hata moja. Hiyo ndiyo faida ya elimu hii kwa nchi isiyo na fedha za kuchezea.

Lakini jambo zito zaidi ni mkulima mwenyewe. Siku ambazo kahawa hukaa ghalani ni siku ambazo mkulima hukaa bila malipo. Ada ya mtoto haisubiri, wala mgonjwa hasubiri. Hapo ndipo inapozaliwa butura, ile biashara ambayo mwenye fedha humnunulia mkulima kahawa ikingali maua mtini, kwa bei ya kuumiza. Butura imelaaniwa majukwaani na kupigwa marufuku mara nyingi, nayo haijafa. Imelaaniwa kama dhambi ya walanguzi, na kweli ni unyonyaji. Lakini mlanguzi hustawi mahali penye pengo kati ya siku mkulima anapohitaji fedha na siku anapolipwa. Pengo hilo hupimwa kwa siku, na huzibwa kwa kupanga kazi na mikopo. Vivyo hivyo kwa kahawa inayovushwa kimagendo kwenda Uganda: hufuata bei nzuri, na pia hufuata fedha taslimu. Askari wa doria wana kazi yao mpakani, lakini hawawezi kufanya kazi ya mtu wa ratiba.

Historia ya Bukoba yenyewe ni somo tosha. Kabla ya mkoloni, Wahaya walikuwa wakichemsha buni, wakaikausha na kuitafuna, na kuipelekea jirani kama bidhaa na heshima. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilipotaka kuwalazimisha wakulima kufuata kanuni zake za kutunza mikahawa, wananchi walipinga kwa nguvu. Ilikuwa amri ya ubora iliyoletwa na mtawala kwa watu wasioshirikishwa, na matokeo yake yalikuwa ghasia. Mwaka 1950 wakulima waliunda chama chao kikuu cha ushirika, mzazi wa KCU ya leo. Vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua, na mwaka 2018 Serikali ikaurudisha ununuzi mikononi mwa ushirika. Mara zote hizo ulibishaniwa umiliki wa kahawa, na ilikuwa haki kubishania. Ila mizani, ghala, gari na siku za malipo havikupata wabishi wa kutosha. Mnunuzi alibadilika, mkulima akaendelea kusubiri.

Wako wanaodhani kwamba uendeshaji ni habari ya faida na hasara tu. Hao na wakumbuke tarehe 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Wa daraja la tatu, maskini, hawakuwa na orodha. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Uwezo wa chombo, kuhesabu wanaoingia, na mamlaka ya mtu mdogo wa langoni kusema "basi, imetosha": hayo ni mambo ya sura ya kwanza katika somo la uendeshaji. Mwanafunzi wa Kagera akifundishwa uwezo kwa mfano wa mkahawa wa Chicago, hali wazee wa kijiji chake walizika watu wa MV Bukoba, mwalimu wake amekosea.

Hoja za kupinga zipo, na zijibiwe. Ya kwanza husema kwamba elimu hii ilizaliwa viwandani, hivyo ni lazima ifundishwe kwa viwanda. Ni kweli kwamba Henry Ford alianzisha mkanda wa kuunganishia magari mwaka 1913, na kwamba Toyota ya Japani iliwatangulia wengi baada ya Vita Kuu ya Pili. Lakini Taiichi Ohno na wenzake wa Toyota walifanyaje? Nchi yao ilikuwa maskini baada ya vita, haikuwa na mtaji wa kurundika vipuri ghalani. Wakashuka chini kwenye kazi yenyewe, wakatazama mahali mali inapolala na mtu anapongoja, wakatafuta dawa ya umaskini wao. Waliokariri majibu ya Toyota wameiga gari. Wanaotaka kujifunza kwa Toyota waige ule utazamaji.

Hoja ya pili husema kwamba kuanzia shambani ni kuidhoofisha nadharia. Taifa hili lilikwisha kulijadili jambo hilo. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na Azimio la Musoma la mwaka 1974 vilitaka kazi na masomo vishikane mikono, hata mtu afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Masharti ya Musoma yalilegezwa baadaye, na hapana haja ya kuyarudisha yote. Wala kasoro zisifichwe: katika shule nyingi shamba liligeuka mahali pa adhabu, kwa sababu jembe lilitolewa bila daftari. Mwanafunzi alilima asijue mavuno kwa ekari wala gharama ya saa moja ya kazi. Kosa lilikuwa kuitenga nadharia na jembe, kama ambavyo kosa la leo ni kuitenga kazi na kitabu. Anayepima muda wa gunia ghalani kisha akarudi darasani kutafuta kanuni ataielewa kanuni hiyo kuliko aliyeikariri usiku wa kuamkia mtihani.

Hoja ya tatu ni ya gharama, na hiyo ni dhaifu kuliko zote. Majuma manne ya mwanzo yanahitaji saa, daftari, mizani na nauli ya basi kati ya Bukoba na Muleba. Juma la kwanza kwenye chama cha msingi, kuandika kila gunia linaingia lini na linatoka lini. La pili kiwandani, kutafuta mahali kazi inapobana. La tatu bandarini Bukoba au Kemondo, kuhesabu mizigo na abiria. La nne hospitalini au katika ofisi ya wilaya, kupima muda wa mwananchi tangu anapofika mpaka anapohudumiwa. Baada ya hapo kitabu kifunguliwe, cha Marekani kikiwemo, kwa kuwa msomaji atakuwa na maswali ya kukiuliza. Na mwisho wa muhula ripoti isomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama waliopimwa kazi yao. Utafiti unaofungiwa kabatini kwa Kiingereza ni mkopo ambao mkulima ameutoa na hatarudishiwa.

Watumishi wa umma nao wasidhani kwamba habari hii ni ya wakulima na wanafunzi peke yao. Faili linalolala mezani halina tofauti na gunia linalolala ghalani. Ofisi inayopokea maombi 20 kwa siku na kukaa na kila ombi siku 30 ina maombi 600 yanayosubiri, na nyuma ya kila ombi yupo mtu. "Njoo kesho" ina hesabu yake. Mwalimu wa sekondari ya Muleba naye hahitaji kungoja kampasi: darasa lake la hisabati linaweza kupima foleni ya kisima au ya chakula cha mchana juma hili.

Wakuu wa vyuo wanaotayarisha mitaala ya kampasi mpya wana nafasi ambayo waliotangulia hawakuipata. Waamue sasa, kabla ratiba haijachapwa, kwamba mhadhara wa kwanza wa usimamizi wa uendeshaji mkoani Kagera utatolewa ghalani, mbele ya mizani, msimu wa kahawa ukiwa umefunguliwa na mkulima akiwapo kuulizwa ni siku ngapi amesubiri.