Mruhusu Mtoto Asafiri na Wenzake

Ndugu mzazi, mwalimu ameleta barua. Watoto wa darasa la sita watakwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mkoani Morogoro. Watalala huko siku mbili. Una wasiwasi? Si kosa. Nenda shuleni ukaulize. Nani atalala karibu na wasichana? Dawa zipo?

Ukiridhika, mruhusu. Tembo atawaona, maana hifadhi hiyo inawalinda tangu mwaka 1964. Lakini pia atakunja blanketi lake mwenyewe. Atafua shati lake. Atatunza fedha zake. Atagawana sabuni na mwenzake aliyesahau yake. Usiku wa kwanza huenda akalia kidogo. Asubuhi atacheka.

Wazazi wengine humruhusu mvulana tu. Msichana hubaki achote maji. Kwa nini? Siku hizo mbili, chota wewe.