Msonge Nao ni Jengo la Kale



Yerusalemu tuliyoiona katika filamu The Passion of the Christ (2004) ilijengwa studioni Cinecittà, Roma, na mandhari nyingine ni ya Matera, Italia. Kuigiza si dhambi. Hatari ni vijana wa Karagwe na Kyerwa kuzoeshwa kuamini kwamba pasipo mawe hapakuwa na ujenzi. Mwaka 1861 Omukama Rumanyika alimpokea Speke huku kwetu, katika nchi ya misonge: miti iliyopindwa, fito zilizofungwa, nyasi zilizoshuka hadi ardhini. Hata Sanduku la Agano lilikaa hemani kabla ya Hekalu la Sulemani. Lakini nyasi huoza, nao mafundi wanazeeka. Vijana, warekodini wazee kwa simu zenu, wangali hai.