Kabila halizuii mtu kudai risiti

Ndugu mwandishi, makala yako ni nzuri, ila unaposema watu wa makabila mchanganyiko hawawezi kumbana kiongozi kwa pamoja, hapo nakupinga. Mwaka 2004 mwanauchumi Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Kule Busia, maeneo yenye mchanganyiko mkubwa wa makabila yalichangia shule za msingi fedha kidogo zaidi. Meatu hali hiyo haikuonekana. Miguel aliihusisha tofauti hiyo na sera za kujenga taifa: Kiswahili, mtaala wa shule, machifu kuondolewa na serikali za vijiji kuimarishwa. Kwa hiyo tatizo si mchanganyiko wenyewe, ni siasa inayofanya kabila kuwa mtaji.

Lakini sisi Watanzania tusijipige kifua. Kuchanga pamoja ni jambo moja, kuhoji ni jingine. Kijijini kwetu karatasi ya mapato na matumizi iliyobandikwa nje ya ofisi imepauka kwa jua hata tarakimu hazisomeki. Kwenye mkutano mkuu, anayeuliza risiti ya saruji ya choo cha shule anaambiwa, "Mzee, usituvurugie amani." Wote tunaelewana lugha, na wote tunanyamaza.

Heshima na utulivu ni tunu zetu, sikatai. Ila zikigeuzwa ngao ya mtendaji, umoja wetu unamnufaisha yeye kuliko watoto wanaosubiri choo. Watafiti wakirudi, waje na swali hili: nani anaruhusiwa kuuliza, na akiuliza anafanywaje?