Nane Nane: Nani Aende Mbeya?

Wapendwa wasomaji wa Mpanda, tarehe 8 Agosti ni sikukuu yetu sisi wakulima. Maonyesho makubwa ya kanda hufanyika Mbeya, uwanja wa John Mwakangale. Safari ni ndefu na nauli si haba, basi nyumba nyingi humtuma mtu mmoja, na mara nyingi huyo ni baba.

Sisemi baba asiende. Ngoma zapendeza, na ng'ombe wa maziwa wafaa kutazamwa. Lakini ghala la nyumbani analitunza nani? Mwezi Januari anayepepeta unga wa dumuzi ili apate punje za kupika ni mama. Mdudu huyo alijulikana kwa jirani zetu wa Tabora karibu mwaka 1980, na hadi leo hajatutoka. Katika maonyesho ya namna hii huonyeshwa mifuko isiyopitisha hewa: mahindi yakikauka vema na mfuko ukafungwa sawasawa, dumuzi hufa kwa kukosa hewa. Kufunga huko hujifunzwa kwa kushika na kuuliza. Baba akirudi hutuletea habari za trekta!

Basi, baba, nauli ikiwa ya mtu mmoja, mpe mama. Wewe baki na watoto, na kuku uwafungie mapema jioni.