Usiache Mbachao: Ala ya Kambini Bagamoyo

Kila msimu wa likizo vijana wa Dar es Salaam hufunga mahema yao, wakashika njia ya Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, mwendo wa kilomita 70 hivi, ili walale ufukweni. Wenye uwezo husonga mbele hadi Saadani, ambako hifadhi ya wanyama hupakana na bahari. Mzigoni huwamo maji, unga, taa, na chombo cha muziki. Hapo kwenye chombo ndipo penye hoja. Walio wengi hubeba spika ya kuchaji. Wachache wajionao wastaarabu hubeba gitaa. Ni nadra kumwona aliyebeba ilimba. Uteuzi huo huonekana jambo dogo. Si dogo.

Spika isihesabiwe katika ala. Hiyo ni mdomo wa mtu asiyekuwapo. Huimba peke yake, haimsikii yeyote, haingoji kiitikio. Inaponguruma, hakuna atungaye ubeti wala aujibuye, na mvuvi aliyelala jirani ili aamke na maji hunyimwa usingizi. Kusafiri na spika ni kubadili mahali bila ya kubadili hali.

Gitaa lastahili kujibiwa kwa adabu. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alilisemesha Kiswahili, na mwenye akili haliiti geni tena. Lakini suala la kambini si uzuri bali ufaafu. Gitaa ni kubwa. Mbao zake nyembamba zimeshikizwa kwa gundi. Joto la mchana hemani na unyevu wa usiku wa pwani huziharibu. Uzi ukikatika Saadani usiku, duka liko wapi? Udi, kipenzi cha taarab, nao una udhaifu uo huo.

Ilimba ni kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma, hushikwa kwa mikono miwili na kupigwa kwa vidole gumba. Iliyo ndogo huingia mkobani. Haina uzi wa kukatika. Ulimi ukipotoka sauti husogezwa kidogo tu: ukifupika sauti hupanda, ukirefuka hushuka. Adui yake ni kutu, nayo huzuiwa kwa kitambaa kikavu na tone la mafuta. Kubwa zaidi, sauti yake ni ya upole; haimfuniki mghani. Mpigaji huimba papo hapo, walioketi wakalisikia neno, wakaitika. Kwa wapenda mashairi, sifa hiyo pekee ingetosha.

Wapinzani watasema: ilimba ni ya Wagogo wa Dodoma, mpwani ana nini nayo? Wasemao hivyo wameisahau Bagamoyo yenyewe. Mji huo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walifika na pembe za ndovu mabegani na nyimbo zao vinywani. Udi na kanuni zilitoka nchi za Waarabu, fidla ikatoka Ulaya, wala mpwani haoni haya. Iweje cha ng'ambo kiwe cha nyumbani, na cha Dodoma kiwe cha ugenini? Tena Hukwe Zawose, Mgogo aliyezifikisha ilimba na zeze kwenye majukwaa ya Ulaya, aliishi Bagamoyo, na huko ndiko alikofia tarehe 30 Desemba 2003. Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1981 na kuitwa TaSUBa tangu 2007, kiko kwenye ufukwe huo huo wa mji.

Kejeli ni kwamba walimwengu wameshaamka. Tangu miaka ya 1950 Hugh Tracey aliunda Afrika Kusini kalimba za kuuza ng'ambo. Leo viwanda vya China vinazimwaga sokoni. Mgeni huweza kufika Bagamoyo na kalimba mkobani, akamkuta mwenyeji amekumbatia spika. Na kalimba hizo, zilizo nyingi, zimepangwa kwa sauti za piano, ilhali ilimba ya Kigogo ina mpangilio wake. Mwenye kuiacha ilimba ameacha na sikio lake.

Wahenga walikataza kuacha mbachao kwa msala upitao. Basi afungaye mzigo kesho aanzie kwa fundi wa ala, si kwenye duka la spika. Na moto wa kambi ukishawaka, mwenye ubeti autoe. Wa kumjibu watakuwapo.