Khalwa ya Mfinyanzi

Imekuwa desturi katika mabaraza yetu kwamba akitajwa mtu aliyeupa mji kisogo na kushika zuhudi, wasikilizaji hutikisa vichwa, nusu kwa taadhima na nusu kwa dharau, kana kwamba khalwa ni uvivu uliovishwa joho. Na akitajwa malenga mwanamke aliyefiwa, husemwa upesi kuwa ni huzuni iliyomtungia. Hukumu zote mbili naziona si za haki, na shahidi wangu ni mtawa mmoja wa Kibudha, Otagaki Rengetsu, aliyezaliwa Kyoto, nchini Japani, mwaka 1791, akafariki mwaka 1875 katika hekalu la Jinko-in, ambalo zama hizo lilikuwa mashambani, kaskazini ya mji.

Masaibu yake nitayapitia mbio, kwa kuwa yamesimuliwa mno. Alizaliwa nje ya ndoa, baba yake akiwa mtu wa daraja ya juu, akalelewa na baba wa kupanga aliyehudumu katika hekalu kubwa la Chion-in; alipokuwa kigori alipelekwa kutumika katika ngome ya Kameoka, na huko akajifunza hati, mashairi, hata matumizi ya silaha. Aliolewa mara mbili: ndoa ya kwanza ilivunjika baada ya kuzika wachanga wake, na mume wa pili alikufa mwaka 1823. Ndipo yeye na baba yake wa kupanga wakanyoa nywele, wakaingia utawani, naye akapewa jina la Rengetsu, maana yake Mwezi wa Yungiyungi. Baba alipofariki mwaka 1832, alibaki hana jamaa wala riziki, umri wake umekwisha kupita miaka arobaini.

Sasa habari inaanza kunipendeza. Aliwaza kufundisha mashairi, akawaza kufundisha mchezo wa Go, ambao kwa hesabu zake za mbali si mgeni kwa mcheza bao, kisha akaviacha vyote viwili, akachagua udongo. Alifinyanga mabuli na vikombe kwa vidole vyake, vyombo vyepesi visivyo na urari kamili, na kabla havijakauka akachora ubavuni kwa ncha kali shairi lake mwenyewe, ndipo vikapelekwa kwa wenye matanuri vikachomwe. Shairi la namna hiyo, liitwalo waka, lina mizani 31, zikigawanyika 5, 7, 5, 7 na 7, bila vina. Nasi tuliolelewa na utenzi wa mizani nane twajua jinsi kipimo kifupi kisivyosamehe neno la kujazia, sembuse kipimo hicho kikizungushwa ubavuni mwa buli, baina ya mkono na mdomo, mahali ambapo kufuta ni kuharibu chombo.

Vyombo vilipata soko, hata ikawa yeye ndiye anayewakimbia wanunuzi, akihama nyumba hii hadi ile (yasemekana mwaka mmoja alihama mara 13), mpaka watu wakampa lakabu ya Mhamaji. Husimuliwa pia kwamba walioghushi kazi zake hakuwashitaki, bali aliwaandikia mashairi juu ya vyombo vyao wapate kuuza. Wengi hapo huona ukarimu, nami naona zaidi mtu aliyechoshwa na jina lake. Kijana Tomioka Tessai, aliyekuja kuwa mchoraji mashuhuri, aliishi naye akimsaidia kubeba udongo. Khalwa yake, basi, ilikuwa karakana, yenye matope mlangoni.

Ama hiyo huzuni, sikatai kwamba aliwalilia wafu wake, na mashairi hayo yanachoma. Lakini mengi aliyotunga ni ya mwezi, theluji, maua ya mcheri, na upepo wa misonobari unaomsemesha mtu aliye peke yake usiku. Ni akina mama wangapi wa Kyoto waliozika wachanga katika miaka hiyo? Msiba uliwafikia wote. Hati iliyozoezwa tangu utotoni, sikio la mizani, na subira ya zaidi ya miaka arobaini mbele ya bonge la udongo, hayo hayakuwafikia wote, na ni dhuluma kuyanyima sifa ili tuipe kaburi.

Kuna atakayenijibu kwamba yeye aliweza kujitenga kwa sababu hakusalia na wa kumlisha, na kwamba mwanamke mwenye watoto watano na jembe hapati faragha ya hivyo. Jibu hilo nalikubali, tena linanikera, maana sina la kulipinga.

Mwaka 1865 alihamia Jinko-in, na mhamaji yule akatulia hapo miaka kumi, akifinyanga na kuandika hadi uzee wa mwisho. Sanda yake alikwisha kuiweka tayari. Yasimuliwa kwamba ilipokunjuliwa siku ya mauti, ilionekana Tessai amechora juu yake yungiyungi na mwezi, na kando ya picha pana shairi kwa hati ya Rengetsu mwenyewe.